Mstari Ukutani: Historia ya Vikao vya Kujirudia katika Huduma za Afya za Maniema

Miongoni mwa istilahi zilizoenea katika ofisi za watu wa kompyuta tangu mwanzo wa karne hii ni ajaili, yaani namna ya kuendesha mradi kwa kuukata katika vipindi vifupi, kila kipindi kikiwa na mpango wake, kikao chake cha kila siku na mapitio yake mwishoni, badala ya kuandika mpango mmoja mrefu na kungoja miaka ndipo ijulikane kama umefaulu. Jina hilo lilipata nguvu mwezi wa Februari 2001, wataalamu 17 wa programu walipokutana Snowbird, katika jimbo la Utah nchini Marekani, na kutia saini tamko lao. Hata hivyo, Skramu, ambayo ndiyo mbinu inayotumiwa zaidi katika ukoo huo, ilikuwa imekwisha kuwasilishwa mwaka 1995 na Ken Schwaber na Jeff Sutherland, nao waliazima jina lake, lenye asili ya mchezo wa raga, kutoka kwa Wajapani Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka, waliolitumia mwaka 1986 walipoeleza jinsi viwanda vinavyobuni bidhaa mpya. Kipindi cha Skramu huitwa sprinti na hakizidi mwezi mmoja, na kikao chake cha kila siku hakipiti dakika 15. Mtu akizichunguza huduma za afya za Maniema, mashariki mwa Kongo, atakuta karibu viungo vyote vya mbinu hiyo, vimezaliwa kwa haja nyingine kabisa, na kwa sehemu kubwa ya historia yao bila kompyuta.

Obokote ni mojawapo ya zoni 18 za afya za mkoa huo, ambao makao yake makuu ni Kindu. Zoni ya afya ni kipande cha nchi chenye hospitali yake kuu na ofisi yake ya uongozi, ambayo wafanyakazi huiita kwa herufi zake za Kifaransa, BCZ. Nacho hugawanywa katika maeneo ya afya, kila eneo likiwa na kituo chake na likikusudiwa kuhudumia takriban watu 10,000. Obokote imo katika teritware (wilaya) ya Lubutu, kaskazini mwa mkoa, ambako barabara kuu huelekea Kisangani upande mmoja na Bukavu upande wa pili, wala si Kindu. Kwa hiyo taarifa inayotakiwa kufika makao ya mkoa husafiri kinyume cha njia ya biashara, na jambo hilo peke yake linatosha kueleza kwa nini tarehe za mikutano zimekuwa na uzito mkubwa hivyo katika kazi hii.

Mizunguko ya kazi haikuwa migeni kwa wakazi wa Maniema. Amri ya kikoloni ya mwaka 1917 iliwalazimisha wanakijiji kulima mazao yaliyoagizwa na serikali kwa siku 60 kila mwaka, na mwaka 1942, kwa ajili ya vita, siku hizo ziliongezwa hadi 120. Baada ya uhuru, katika miaka ya 1970, utawala wa Mobutu ulileta salongo, kazi ya pamoja ya lazima ambayo wengi huikumbuka kama shughuli ya Jumamosi: kufyeka, kufagia, kuziba mashimo ya barabara. Mizunguko hiyo yote miwili ilikuwa na kalenda, ilikuwa na msimamizi, ilikuwa hata na daftari la mahudhurio; ilichokosa ni saa ambayo mfyekaji angeulizwa kwa nini barabara hiyohiyo inaharibika kila masika. Ni tofauti ndogo kwa kuitazama, lakini historia inayofuata inasimama juu yake.

Mabadiliko yalianzia katika mkoa huohuo, upande wa kusini. Kuanzia mwaka 1971, madaktari wa Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp, Ubelgiji, walishirikiana na wenyeji katika Mradi wa Kasongo, wakijaribu kuonyesha kwamba hospitali na vituo vidogo vinaweza kuendeshwa kama chombo kimoja, kila kituo kikiwajibika kwa watu wanaojulikana idadi yao na wanakoishi. Mazoea ya wakati huo yalikuwa daktari kuamua na muuguzi kutekeleza. Kasongo uamuzi ulipelekwa kwenye timu, ukajaribiwa, ukapimwa, kisha ukarudishwa mezani. Hata maandishi yao yalifuata desturi hiyo, kwani makala yao ya mwaka 1981 kuhusu chanjo ya surua na uhai wa watoto, iliyotolewa katika jarida la The Lancet, ilitiwa saini kwa jina la timu. Katika fani ambayo majina ya waandishi hupangwa kwa wivu mkubwa, hilo si jambo dogo.

Mawazo ya Kasongo, pamoja na ya majaribio mengine nchini na Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978, yaliingia katika mpango wa taifa, na katika miaka ya 1980 nchi nzima ikagawanywa katika zoni 306, ambazo ramani mpya ya mwaka 2003 ilizifikisha 515. Pamoja na zoni ilikuja kalenda. Kila mwezi wauguzi wakuu wa vituo hukutana BCZ wakiwa na ripoti zao. Na katika kila eneo la afya kamati ya wakazi, iitwayo CODESA, huketi pamoja na muuguzi na mareko, yaani wajumbe wa kujitolea wanaopita nyumba kwa nyumba. Chini ya mwezi ipo wiki: tangu nchi za Afrika zilipokubaliana mwaka 1998 juu ya ufuatiliaji wa pamoja wa magonjwa, kila kituo hutoa hesabu ya wiki inayoanza Jumatatu na kuishia Jumapili, surua, kipindupindu na mengineyo, na pasipo mgonjwa huandikwa sifuri, kwa sababu nafasi tupu haielezi kama ugonjwa haupo au kama mwandishi hakuwapo.

Chombo kinachofanana zaidi na vya watu wa kompyuta, hata hivyo, kimebandikwa ukutani. Watumiaji wa Skramu huchora mstari unaoshuka kadiri kazi iliyobaki inavyopungua. Kituo cha afya huchora mstari unaopanda, ukionyesha watoto waliochanjwa tangu Januari. Hesabu yake ni rahisi. Watoto walio chini ya mwaka mmoja hukadiriwa kuwa takriban asilimia 3.5 ya wakazi, hivyo eneo la watu 10,000 lina watoto wapatao 350, na kituo kinapaswa kuchanja 29 hivi kila mwezi. Mstari wa lengo huchorwa kwa rula kutoka kona ya chini hadi kona ya juu, kisha muuguzi huongeza nukta mbili kila mwisho wa mwezi, moja ya dozi ya kwanza ya chanjo ya penta, inayotolewa mtoto akiwa na wiki 6, na nyingine ya dozi ya tatu, ya wiki 14. Mistari miwili ikienda bega kwa bega, akina mama wanarudi. Ikiachana kama mapanda ya njia, wanaanza na hawamalizi, na pengo likizidi asilimia 10 huhesabiwa kuwa tatizo la huduma yenyewe. Hapo ndipo kikao kinapopimwa, kwa kuwa karatasi haijui sababu: huenda siku ya chanjo imegongana na siku ya soko, huenda mto umejaa, huenda mama alijibiwa vibaya dirishani. Wanaojua ni mareko, na wasipopewa nafasi ya kusema, mkutano unageuka kuwa makusanyo ya karatasi za kupelekwa juu. Ugonjwa huo wa mikutano, ikumbukwe, umezipata kampuni tajiri za programu vilevile.

Mzunguko mfupi kuliko yote huonekana wakati wa kampeni ya polio. Maniema iliingia katika habari hizo mwaka 2017, kirusi cha polio cha aina ya 2 kilichotokana na chanjo kilipogunduliwa mkoani, na kampeni za nyumba kwa nyumba zikafuata. Timu hupita kutwa, humdondoshea mtoto matone mdomoni, humpaka wino kwenye kidole na kuandika mlangoni kwa chaki. Jioni wasimamizi hukusanyika: karatasi za hesabu hujumlishwa, chupa zilizotumika na zilizobaki hulinganishwa na zilizotolewa asubuhi, na kila chupa hutazamwa alama yake ya joto, kiduara chenye mraba ndani, ambao ukifikia rangi ya duara chupa hiyo haitumiwi tena. Kisha husomwa nyumba zilizoandikwa chaki ya kurudiwa, ambazo mtoto alikuwa shambani na mama yake au mzazi alikataa, na kabla watu hawajatawanyika huamuliwa nani atarudi kwenye mlango upi kesho, saa ngapi, na pengine akiwa amefuatana na chifu au mchungaji.