Matembezi ya alama za Wayahudi, Nairobi

Matembezi ya alama za Wayahudi, Nairobi, ni ziara ya miguu katikati ya mji mkuu wa Kenya inayopitia sinagogi, hoteli mbili kongwe na, kwa mwenye muda, makaburi ya jamii ndogo ya Wayahudi waliohamia Afrika Mashariki tangu mwanzo wa karne ya 20. Prague, Kraków na Fez mgeni huzungushwa katika mtaa mzima wa Wayahudi. Nairobi haikuwahi kuwa na mtaa wa namna hiyo. Serikali ya kikoloni iliugawa mji kwa rangi: Wazungu kwenye miinuko ya magharibi, Wahindi Ngara na Parklands, Waafrika upande wa mashariki kama Pumwani. Wayahudi walihesabiwa kuwa Wazungu, wakajenga popote Mzungu aliporuhusiwa kujenga. Ndiyo maana alama zao zimetawanyika, na bila mwongozaji anayejua historia, mpita njia huzipita tu.

Mpango wa Uganda

Mwezi Agosti 1903 Uingereza iliwapendekezea viongozi wa Kizayuni, waliokuwa wakitafuta nchi ya Wayahudi, eneo la kukalia Wayahudi waliokuwa wakiuawa na kufukuzwa huko Urusi. Waziri wa Makoloni, Joseph Chamberlain, alikuwa amepita kwa reli ya Uganda mwaka uliotangulia, akavutiwa na nchi ya juu yenye baridi. Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, aliliwasilisha pendekezo hilo mbele ya Kongamano la Sita la Wazayuni mjini Basel. Wajumbe 295 walikubali tume itumwe, 178 wakakataa, na baadhi ya waliokataa walitoka ukumbini wakilia. Eneo lenyewe lilikuwa uwanda wa Uasin Gishu, ambao tangu 1902 ulikuwa umehamishwa kutoka Uganda kwenda Himaya ya Afrika Mashariki, yaani Kenya ya leo. Jina la Uganda lilibaki kwa mazoea tu.

Tume ya watu watatu ilifika mwanzoni mwa 1905. Ripoti zao hazikulingana, na Kongamano la Saba lilikataa pendekezo hilo mwaka huohuo. Walowezi wa Kiingereza, wakiongozwa na Lord Delamere, walikuwa wamekwisha kulipigia kelele. Wanandi na Wamaasai, wenye nchi, hakuna aliyewauliza.

Hata hivyo habari za mpango zilikuwa zimekwisha kuenea, na vijana wachache walikuja kwa nauli zao wenyewe.

Abraham Block na hoteli zake

Aliyejulikana kuliko wote ni Abraham Block, mzaliwa wa Lithuania aliyefika kutoka Afrika Kusini mwaka 1903. Alilima, akafanya biashara ndogondogo. Inasimuliwa kwamba mtaji wake wa kwanza mjini ulitokana na magodoro: mji ulikuwa mchanga na vitanda vilikuwa vingi kuliko magodoro, basi alishona magunia ya kitambaa, akayajaza nyasi kavu na kuyauza. Mwaka 1927 aliinunua Hoteli ya Norfolk, na mwaka 1947 New Stanley. Familia yake ikawa mwajiri mkubwa katika utalii wa Kenya kwa miongo kadhaa.

Norfolk ilifunguliwa siku ya Krismasi 1904. Theodore Roosevelt alifikia hapo katika safari yake ya uwindaji ya 1909. Iko katika barabara ya Harry Thuku, ikitazamana na Ukumbi wa Taifa wa Michezo ya Kuigiza, na jina la barabara si la bahati mbaya. Tarehe 16 Machi 1922 umati uliodai Harry Thuku, mpinzani wa ukoloni aliyekuwa amekamatwa, aachiwe ulimiminiwa risasi karibu na hapo. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 21, na walioshuhudia walisema baadhi ya walowezi nao walifyatua bunduki kutoka barazani mwa hoteli. Block alikuwa bado hajainunua. Mwongozaji makini hulitaja jambo hili kabla ya habari za Roosevelt. Wengi hawalitaji kabisa.

Vita vilipoanza mwaka 1939, Waingereza waliwakamata Wajerumani waliokuwa Kenya kama raia wa adui, hata Wayahudi waliomkimbia Hitler. Stefanie Zweig, aliyefika Kenya akiwa mtoto mwaka 1938, ameyaeleza maisha hayo, pamoja na wanawake na watoto kuwekwa kizuizini ndani ya Norfolk, katika riwaya iliyotengenezwa filamu ya Kijerumani iliyoshinda Oscar mwaka 2003.

Usiku wa 31 Desemba 1980 bomu lilibomoa sehemu ya hoteli na kuua watu zaidi ya kumi, wengi wakiwa kwenye chakula cha mwaka mpya. Shambulio hilo lilichukuliwa kuwa kisasi kwa Kenya kuruhusu ndege za Israel kujaza mafuta Nairobi wakati wa kuokoa mateka wa Entebbe, Julai 1976.

New Stanley, mwendo wa kama robo saa kuelekea barabara ya Kimathi, inajulikana kwa mgunga wa mkahawani ambao wasafiri walikuwa wakiubandika barua za kuachiana.

Sinagogi

Jiwe la msingi la sinagogi la kwanza liliwekwa mwaka 1912. Jengo la sasa, kwenye pembe ya University Way na Uhuru Highway, ni la katikati ya miaka ya 1950, wakati Israel Somen, kiongozi wa jamii hiyo, alikuwa pia meya wa Nairobi.

Makaburi

Yako barabara ya Wangari Maathai (zamani Forest Road). Waombolezaji huweka vijiwe juu ya kaburi badala ya maua.

Kwingineko

Nakuru nako palikuwa na sinagogi. Gilgil ilikuwa na kambi ambamo Waingereza waliwafunga wapiganaji wa vikundi vya siri vya Kiyahudi vya Irgun na Lehi kutoka Palestina, 1947 hadi 1948. Abayudaya wa Mbale, Uganda, walioanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, ni Waafrika walioifuata dini hiyo wenyewe na hawana uhusiano na historia ya Nairobi.

Kutembelea

Baada ya uhuru wa 1963 familia nyingi zilihamia Uingereza na Israel, na waumini wa leo ni wachache. Kwa msomaji wa Musoma au Bunda, kaskazini mwa Tanzania, Nairobi ni karibu kuliko Dar es Salaam: basi hupitia Sirari, na hati ya kusafiria inahitajika. Hoteli hupitika wakati wowote. Sinagogi halifunguliwi kwa asiye na miadi: aombe mapema, abebe kitambulisho, mwanamume avae kofia, na asiende Jumamosi na kamera.