Uwanja mmoja, mapambano mawili: ndovu wa Gaza na Raphia

Kwa wale mnaojaribu kutengeneza modi za michezo ya vita, mtakubaliana nami kwamba kuchora uwanja mpya ndiyo kazi inayochosha kuliko zote. Askari unambadilisha kwa kuhariri mistari michache ya maandishi. Uwanja una vilima, udongo na hali ya hewa, na usipokuwa mwangalifu askari wanaoendeshwa na tarakilishi watakwama nyuma ya jiwe hadi jioni. Basi wengi wetu tunaazima. Tunachukua uwanja uliokwisha kuchorwa, tunawatoa wenyeji wake na kuweka majeshi mengine. Mara nyingi huo ni uvivu tu, tusidanganyane. Lakini kuna uwanja mmoja ambao historia yenyewe iliutumia mara mbili, na huo ndio ninaotaka kuwasimulia leo.

Mchezo ni Rome: Total War wa Creative Assembly ya Uingereza, uliotoka mwaka 2004. Ni wa zamani, najua, ingawa toleo lililoboreshwa na Feral Interactive mwaka 2021 liliupa uhai mwingine. Mimi bado nauona kama shule nzuri kwa mwanafunzi wa kompyuta kwa sababu karibu kila kitu kimo katika faili za maandishi matupu, unazifungua kwa Notepad na kusoma. Injini yake ilitumika hata kwenye runinga: BBC waliitumia katika kipindi chao Time Commanders mwaka 2003, kabla mchezo haujaingia madukani.

Tofauti na michezo mingi, hapa uwanja wa pambano huzaliwa kutokana na ramani kubwa ya dunia. Ramani hiyo ni picha za kawaida za TGA. Picha moja inaeleza urefu wa ardhi, nyingine aina ya ardhi, nyingine hali ya hewa, na nyingine majimbo, ambako kila jimbo lina rangi yake, pikseli nyeusi ni mji na nyeupe ni bandari. Ramani ya majimbo ina pikseli 255 kwa 156, kwa hiyo, kwa hesabu yangu, kila pikseli ni takriban kilomita 20 za ardhi halisi. (Ukizigusa picha hizo kumbuka kufuta faili la map.rwm ili mchezo ujenge ramani upya, la sivyo utashangaa kwa nini hakuna kilichobadilika.)

Mojawapo ya mapambano ya kihistoria yaliyomo ni Raphia, mwaka 217 K.K. Raphia ndiyo Rafah, jina ambalo sote tumelisikia sana tangu 2023 kwa sababu za kuhuzunisha. Gaza iko kama kilomita 30 tu kaskazini-mashariki, yaani kwenye ramani yetu pikseli moja au mbili. Na hapo Gaza, mwaka 312 K.K., lilipiganwa pambano jingine la ndovu ambalo mchezo haukuliweka. Tambarare ni ileile ya pwani, mchanga uleule. Nikanakili folda ya Raphia, nikaibandika jina jipya, nikaanza kazi.

Sasa historia. Baada ya Alexander kufa mwaka 323 K.K., majenerali wake waligombania urithi. Ptolemy alishika Misri. Seleucus alifukuzwa Babeli na kukimbilia kwa Ptolemy kama mkimbizi. Mwaka 312 wawili hao walikutana Gaza na Demetrius, kijana wa miaka ishirini na kitu, mwana wa Antigonus Mwenye Jicho Moja. Demetrius alikuwa na ndovu 43 kutoka India. Ptolemy, ambaye kwa mujibu wa Diodorus alikuja na askari 18,000 wa miguu na 4,000 wa farasi, hakuwa na hata ndovu mmoja. Alichokuwa nacho ni ujanja. Aliweka watu wa kutega vyuma vyenye ncha, vilivyoungwa kwa minyororo, mbele ya mstari wake. Ndovu ana ngozi nene lakini unyayo wake ni laini. Walipokanyaga vyuma vile walisimama, wapiga mishale wakawaangusha waendeshaji wao, na ndovu wote wakatekwa.

Hapa modi ilinigomea. Injini hii haijui silaha ya kutegwa ardhini. Mambo ya kukita vigingi mbele ya wapiga mishale yalikuja katika Medieval II mwaka 2006. Njia niliyopata ni kupitia faili la export_descr_unit.txt, kwenye mstari wa mount_effect, unaosema kikosi kinaongezewa au kupunguziwa nguvu kiasi gani kinapopigana na mnyama fulani. Vikosi vyepesi vya Ptolemy nimevipa nyongeza kubwa dhidi ya ndovu. Kwa macho si mtego, lakini matokeo yanakaribia: ndovu wanasimama, wanaumia, wanachanganyikiwa na kuwakanyaga wenzao.

Baada ya ushindi ule Ptolemy alimpa mgeni wake askari wasiofikia hata 1,100, naye Seleucus akarudi nao Babeli na kuitwaa. Kuanzia hapo watu wake wakaanza kuhesabu miaka mfululizo, bila kurudi mwaka wa kwanza kila mfalme mpya anapotawazwa kama ilivyokuwa desturi. Sisi waandishi wa programu tunaijua raha hiyo: saa ya Unix inahesabu kutoka tarehe 1 Januari 1970 na haijali nani yuko Ikulu.

Miaka 95 baadaye, Antiochus III, kilembwe wa Seleucus, alishuka pwani ileile kumpiga Ptolemy IV, kitukuu wa yule aliyemhifadhi babu yake. Polybius anatoa hesabu: Antiochus askari wa miguu 62,000, wapanda farasi 6,000 na ndovu 102 wa India, Ptolemy askari wa miguu 70,000, wapanda farasi 5,000 na ndovu 73 wa Afrika. Katika mchezo jeshi moja lina vikosi 20 na kikosi kikubwa kabisa cha miguu ni watu 240, kwa hiyo kila askari kwenye kioo anawakilisha karibu 15.

Ndovu wale wa Afrika ndio wanaonigusa. Wafalme wa Misri walikuwa wamejenga vituo vya kuwinda pwani ya Bahari ya Shamu, maarufu kati yavyo ukiwa Ptolemais ya Uwindaji, na kuwasafirisha kwa majahazi hadi Berenike. Polybius anasema ndovu hawa waliogopa harufu na mlio wa wenzao wa India, ambao walikuwa wakubwa na wenye nguvu zaidi. Mtu aliyewahi kumwona ndovu dume wa Amboseli ana haki ya kucheka. Kwa miaka mingi wataalamu walijibu kwamba Ptolemy alitumia ndovu wadogo wa msituni. Halafu mwaka 2014 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Illinois, walipima vinasaba vya ndovu wa Eritrea waliosalia, wakakuta ni ndovu wa savana, jamaa wa hawa wetu.

Kwa hiyo nikikaa mbele ya mstari wa mount_effect wa ndovu wa Ptolemy, niandike namba gani? Hasi ya Polybius, au sifuri ya vinasaba? Mimi nimeandika hasi, ila ndogo. Kwamba walikataa kusonga naamini. Vita ile ilikuwa na mashahidi wengi. Sababu ya udogo siiamini. Nadhani walikuwa wachanga, wachache, na hawakufunzwa kama wale wa India.

Ndovu hawakuamua lolote hata hivyo. Antiochus alishinda upande wake wa kulia na kukimbiza wakimbiao mpaka akapotea mbali na uwanja, wakati katikati falanksi ya Ptolemy ilikuwa ikivunja yake. Ndani ya falanksi hiyo walikuwamo Wamisri wenyeji 20,000, waliopewa mikuki mirefu na kufunzwa kwa sababu Wagiriki hawakutosha. Mchezo wa asili unawaonyesha Wamisri wakiwa juu ya magari ya farasi, mtindo wa mafarao waliopita miaka 800 na zaidi kabla, jambo ambalo modi za Europa Barbarorum na Rome: Total Realism zilirekebisha zamani. Polybius anasema askari wale walirudi nyumbani na kiburi kipya, hawakutaka tena kuamriwa. Mnamo 205 K.K. Misri ya Juu iliasi na kumtawaza farao wake, Horwennefer, na uasi haukuzimwa hadi 186.

Kikosi chao kipo tayari kwenye modi. Nimewapa nguvu sawasawa na Wagiriki, ari juu kidogo. Kilichobaki ni maelezo yao katika export_units.txt, na nafasi iliyopo kwenye kadi ni mistari michache tu.