Newnham na Cambridge: Jina la nani lina uzito?

Barabara inayopita Karatu na kupanda hadi lango la Lodoare ndiyo inayowafikisha wageni wengi Bonde la Olduvai, ndani ya Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro. Hapo, Julai 17, 1959, Mary Leakey aligundua fuvu la zamadamu aliyeitwa Zinjanthropus, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75. Mama huyo hakuwa na shahada.

Mumewe, Louis Leakey, alisoma Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Aliyewakutanisha ni Gertrude Caton-Thompson, mtafiti wa Newnham, chuo cha wanawake kilicho ndani ya Cambridge, ambaye Mary alikuwa akimchorea zana za mawe. Bibi huyo ndiye aliyechimba Zimbabwe Kuu mwaka 1929 na kutamka kuwa ilijengwa na Waafrika, jambo lililowaudhi walowezi.

Je, kati ya chuo cha wanawake na chuo kikuu kinachokilea, kipi kina hadhi zaidi? Kwa Newnham, kilichoanzishwa mwaka 1871, jibu lilitegemea anayeulizwa. Wasichana wake waliruhusiwa rasmi kufanya mitihani ya Cambridge mwaka 1881, lakini shahada walinyimwa. Mwaka 1890 Philippa Fawcett aliwapita wanaume wote katika mtihani wa hisabati, akaondoka bila shahada. Kura ya mwaka 1897 iliwakataa tena. Mwaka 1921 walipewa jina la shahada tu, pasipo sauti katika uendeshaji wa chuo kikuu.

Kichekesho kilifika mwaka 1939. Dorothy Garrod wa Newnham, mtaalamu wa mambo ya kale, akawa mwanamke wa kwanza kuwa profesa Cambridge, huku wanawake wakiwa bado hawahesabiwi kuwa wanachama kamili wa chuo kikuu hicho. Shahada kamili zilikuja mwaka 1948.

Leo Newnham bado ni cha wanawake, na wahitimu wake hutunukiwa shahada ileile ya Cambridge. Chuo huwachagua, huwapa malazi na kuwasimamia katika masomo ya vikundi vidogo. Ndivyo ilivyo pia kwa Barnard cha New York, kilichoanzishwa mwaka 1889, ambacho wahitimu wake hupata shahada ya Columbia. Hata chuo chetu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961 kilikuwa chini ya London, kikiandaa wanafunzi kwa shahada za huko. Kwa mzazi anayepima vyuo vya namna hii, swali la kwanza ni nani anayetunuku shahada. La pili, nani hasa atakayemfundisha mtoto.

Mary Leakey aliongoza pia uchimbaji wa Laetoli, ambako nyayo za zamadamu zilifukuliwa mwaka 1978. Shahada za heshima alizipata ukubwani, kutoka vyuo vikuu kadhaa.