Kuuza Ndagala Uvira

Kwenye mchanga wa Uvira, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, asubuhi baada ya usiku wa taa ziwani, ndagala huanikwa juani wakametameta kama vipande vya bati. Mama mmoja anainama, anashika wachache, ananusa, kisha anamwambia mwenye samaki: "Nataka kuuza ndagala." Mgeni aliyetoka Kigoma anashangaa. Huyu mama hana hata ndagala mmoja wa kuuza! Mwenye samaki hashangai, anataja bei.

Kule kuuza ni kununua. Anayetoa mali na kupokea pesa anauzisha. Ukitulia utaiona hesabu yake: kama kuuza ni kununua, basi anayekufanya uuze ndiye anayekuuzisha. Kamusi za sanifu zina kuuza, lakini maana hii ya mama wa Uvira haimo.

Hata zamani maneno ya ufuo huu yaliwahi kumgeuza mtu njia. Machi 1858, mvumbuzi Mwingereza Speke, aliyekuwa akitafuta chanzo cha Nile, alivuka ziwa hadi kisiwa cha Kasenge kumtafuta mfanyabiashara Hamid bin Sulayyim. Mkalimani wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, na wao wawili walielewana kwa Kihindustani. Speke akarudi Ujiji na habari tamu: kaskazini mto mkubwa unatoka ziwani. Aprili, yeye na mwenzake wa msafara, Burton, wakapanda mitumbwi hadi Uvira, kituo cha mwisho kaskazini walichokuwa wakifika wafanyabiashara kutoka pwani. Huko wana wa chifu Maruta wakawaambia mto Rusizi hautoki, unaingia. Ndipo Bombay akasema Speke alimwelewa vibaya Hamid. Ndoto yao ya kuwa wamepata chanzo cha Nile ikaishia hapo, kwa kuingia na kutoka.

Kiswahili cha misafara kilibaki ufuoni, kikaolewa na lugha za wenyeji, kikaitwa Kingwana. Mwaka 1928 mmisionari John Whitehead alikitolea kitabu huko Wayika, kwenye mto Lualaba. Mwaka huohuo, Mombasa, mkutano uliamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ya lugha iliyoanza kazi Januari 1930 ilikuwa ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, yaani nchi zilizokuwa chini ya Waingereza. Kongo ilikuwa ya Wabelgiji. Mpaka ulipita katikati ya maji. Ng'ambo moja wakaandikiwa kamusi, iliyotoka 1939 chini ya jina la Frederick Johnson, na ng'ambo ya pili wakaendelea kuvua. Sioni sababu yoyote ya kilugha iliyowaacha watu hawa nje. Hakuna aliyelipima neno lao akaliona pungufu. Halikuitwa kikaoni, basi.

Na maneno hayakusubiri kikao. Mwishoni mwa miaka ya 1950 samaki wadogo walichukuliwa kutoka Ziwa Tanganyika wakapandikizwa Ziwa Kivu. Kule Bukavu wanaitwa sambaza. Mwenye kamusi ya sanifu atakuta kitenzi cha kueneza, asikute samaki. Kigoma ni dagaa. Majani ya muhogo, ambayo sanifu huyaita kisamvu, Uvira ni sombe. Mtoto mdogo ni katoto, wakiwa wengi ni tutoto, ingawa sarufi ya shuleni ilitufundisha kitoto na vitoto.

Aprili 2022 Kongo ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kamisheni yake ya Kiswahili iko Zanzibar. Sasa kiti kipo. Watunga kamusi waje na daftari hadi Uvira, alfajiri, kabla jua halijakausha samaki. Nawe msomaji, ukifika ufuoni na mama akakuambia anataka kuuza ndagala, usitoe pochi. Mpishe, yeye ni mnunuzi mwenzako.