Sukuma Wiki Ikinyauka, Ng'oa Mzizi Kabla ya Kununua Dawa

Sukuma wiki inayonyauka jua likiwa kali na kuinuka tena jioni, ilhali udongo una maji, mara nyingi ina shida chini ya ardhi. Wengi wetu hutazama majani tu, kisha tunakwenda duka la pembejeo na kurudi na chupa ya dawa. Dawa ya kunyunyizia majani haiponyi mizizi. Kabla ya kutoa pesa yako, ng'oa mche mmoja, osha mizizi na uitazame.

Ninaandika haya nikiwa Kipsongo, mtaa wa mjini Kitale, ambako nililetwa na kazi kutoka Pwani. Hapa mwenye kijisehemu cha ardhi kinachotosha mikeka miwili hupanda sukuma. Mboga ya ugali hutoka hapo, na fungu linalobaki huuzwa kwa jirani. Kijisehemu hicho kikiugua, familia haina shamba lingine la kuhamia. Hapo ndipo uzito wa jambo hili ulipo.

Ugonjwa wenyewe

Ugonjwa wa mizizi kuvimba, ambao wataalamu huuita klabruti, hushika jamii ya kabichi peke yake: kabichi, sukuma wiki, koliflawa, brokoli, figili na haradali. Kanzira, mboga inayopendwa sana huku magharibi, nayo imo katika jamii hiyo. Anayeng'oa sukuma mgonjwa na kupanda kanzira mahali pale pale hajabadilisha kitu.

Kisababishi si mdudu, wala si kuvu halisi. Ni kiumbe kidogo kisichoonekana kwa macho, kilichoelezwa na Mrusi Mikhail Woronin mwaka 1878. Huingia kwenye vinyweleo vya mizizi, mizizi ikafura na kujikunja kama vidole vinene, ikashindwa kupitisha maji na chakula. Mzizi ukioza huacha mbegu ndogo mno udongoni, na mbegu hizo huweza kungoja zaidi ya miaka 15. Hupenda udongo wenye tindikali na unaotuamisha maji, usio na baridi kali wala joto kali.

Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na mvua yake ni ya kutosha. Mashamba mengi ya eneo hili yana tindikali, na matumizi ya miaka mingi ya mbolea ya DAP kwenye mahindi yamechangia hali hiyo.

Usichanganye na magonjwa mengine

Si kila mzizi wenye nundu una klabruti. Minyoo fundo, wadogo wasioonekana kwa macho, nao huvimbisha mizizi, lakini vinundu vyao kwa kawaida ni vidogo kama shanga zilizotungwa. Kuna jaribio rahisi: panda nyanya au maharagwe mahali hapo, kisha uyang'oe baada ya wiki sita hadi nane. Mizizi yake ikiwa na vinundu vya shanga, una minyoo fundo, kwa sababu klabruti haivimbishi mizizi ya nyanya wala maharagwe. Usiyachanganye na vijifuko laini vinavyobanduka kwa kidole kwenye mizizi ya maharagwe. Hivyo ni vya kawaida, tena vina faida. Wenzangu wa Pwani wenye udongo wa kichanga na joto wawashuku minyoo fundo kwanza. Wa milima ya Taita, kwenye baridi na kabichi, waangalie yote mawili.

Jani likianza kuwa njano ukingoni kwa umbo la V, na vena zake zikawa nyeusi, huo ni ugonjwa wa kuoza kweusi. Huo hubebwa na mbegu na machipukizi ya kukata.

La kufanya

Mche ulioshikwa na klabruti hauponi, na hakuna dawa ya kuusafisha udongo wa nyumbani. Kazi yote ni kuzuia na kupunguza.

Kwanza, ng'oa wagonjwa pamoja na mizizi yote kabla haijaoza. Kausha, kisha choma. Usitupe kwenye mboji wala usimpe ng'ombe, maana mbegu za ugonjwa hupita tumboni na kurudi shambani kupitia samadi.

Pili, osha jembe na viatu vya mpira kabla ya kutoka kwenye kijisehemu kigonjwa. Chimba mtaro ili maji ya mvua yasikimbie kutoka huko hadi kwenye mboga nzima.

Tatu, otesha miche yako mwenyewe. Mche wa kununua huja na udongo wa mtu mwingine.

Nne, pima udongo, kisha tumia chokaa ya kilimo. KALRO, ambayo ina kituo hapa Kitale, hupima udongo. Chokaa haiui mbegu za ugonjwa, bali huzizuia kuamka, na hufanya kazi vizuri pH ikifika kama 7.2. Ichanganye na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda, kwa kiasi kinachotajwa na majibu ya kipimo. Majivu ya kuni husaidia kidogo.

Tano, pumzisha ardhi kwa mboga za jamii nyingine kwa miaka 5 hadi 7: mchicha, kunde, mrenda, au mnavu ambao huku huitwa managu. Palilia haradali pori, kwa sababu nayo hulisha ugonjwa.

Asiye na ardhi ya kubadilisha

Mkazi wa Kipsongo hawezi kungoja miaka 7. Kwake jibu ni gunia. Lijaze udongo kutoka mahali ambapo jamii ya kabichi haijawahi kupandwa, uchanganye na samadi iliyooza vizuri ya mbuzi. Weka nguzo ya kokoto katikati ya kupitishia maji, kisha toboa ubavuni na upande sukuma. Liinue gunia juu ya mawe ili lisiguse udongo mgonjwa. Ardhi ya chini ipandwe managu na kunde.

Kwa njia hii mboga haikatiki mezani, na pesa ya dawa isiyosaidia inanunua chokaa.