Tarehe Fupi ya Nakshi ya Karatasi na Hidaya Zake

Mnamo mwaka 1791 Charles Elliott, fundi wa samani aliyeihudumia nyumba ya Mfalme George wa Tatu wa Uingereza, alimpelekea Elizabeth, binti wa tatu wa mfalme huyo, bweta lililotiwa ukingo wa mpingo, lenye kufuli na ufunguo wake, na pamoja na bweta hilo wakia 15 za karatasi za namna mbalimbali na wakia moja ya karatasi ya dhahabu. Mtu asiyeijua kazi iliyokusudiwa angestaajabu, kwa kuwa binti wa mfalme, ambaye lau angetamani bweta la dhahabu tupu asingekosa sonara wa kumfanyia, alikuwa na haja gani na karatasi inayopimwa kwa mizani kama bizari sokoni? Jawabu ni kwamba bweta lile lilikuja uchi makusudi, ubavu wake ukiwa haujapambwa, na pambo lilikuwa juu ya vidole vya binti mwenyewe.

Sanaa hiyo, ambayo vijana wa leo huiita kwilingi, ni ya kuchukua chane za karatasi, upana wake aghalabu milimita tatu, na kuziviringa moja moja juu ya sindano, au zamani juu ya unyoya wa bata bukini, kisha kuzilegeza au kuzifinya mpaka zipate umbo la jani, la tone, la jicho au la moyo, na kuzibandika kwa gundi zikiwa zimesimama kwa ukingo wake, hata kitu kizima kikionekana kwa mbali kidhaniwe kuwa ni usonara wa nyuzi za fedha. Mali yake ni hafifu, na zana zake zaingia katika mfuko mmoja. Lakini saa zinazotumika ni nyingi mno, na kwa sababu hiyo tangu mwanzo kazi hii haikuelekea sana dukani. Ilielekea kwa mtu fulani, mwenye jina lake, aliyekusudiwa na mwenye kuifanya. Tarehe ya nakshi ya karatasi ni tarehe ya hidaya, na ndivyo nitakavyoieleza.

Wako wapendao kuipeleka asili yake mpaka Misri ya Mafirauni. Mimi siwafuati huko, maana kazi hii yataka karatasi iliyo laini ya kuviringika na ngumu ya kusimama, na karatasi ya namna hiyo, iliyofanywa kwa matambara, ilitoka Uchina ikafika Samarkand katika karne ya 8, ikatengenezwa Baghdad na Sham na Misri na Maghribi kwa mikono ya Waislamu, ndipo ikavuka bahari na kustawi Fabriano, katika Italia, katika karne ya 13. Kabla ya hapo Ulaya iliandika juu ya ngozi, na ngozi haiviringiki kwa unyoya.

Waliokamilisha sanaa hii, kwa ushahidi wa vitu vilivyosalia, ni watawa wa kike wa Kanisa Katoliki katika Ufaransa, Italia na kusini mwa nchi ya Wajerumani, katika karne za 17 na 18. Nyumba zao nyingi zilikuwa na masalio ya watakatifu, yaani vipande vidogo vya mfupa au vya nguo, ambayo desturi yataka yawekwe mahali pa heshima. Na kwa kuwa kasha la sonara lilikuwa ghali kupita uwezo wa nyumba nyingi, watawa walichukua karatasi, wakaikata chane, wakazitia maji ya dhahabu ukingoni, na kuzizungusha zikawa mashada ya maua, mizabibu na miale ya jua, yote yakipangwa nyuma ya kioo kulizunguka kila salio. Kila salio lilivikwa hariri, na kando yake pakawekwa ukanda mwembamba wa karatasi ulioandikwa kwa wino jina la mtakatifu wake. Wako waliosema kuwa hiyo ilikuwa hila ya kuionyesha karatasi kuwa dhahabu. Kwa maoni yangu wamewadhulumu wale watawa, maana aliyepiga magoti mbele ya kasha lile hakuwa akitafuta kununua dhahabu, na aliyelifanya alitoa kitu ambacho sonara hakitoi bila ujira, yaani miezi ya uhai wake. Baadhi ya makasha hayo walipewa wafadhili na jamaa wa watawa kwa njia ya shukurani. Bunge la mapinduzi la Ufaransa lilipofuta nadhiri za utawa mwaka 1790, na nyumba zenyewe zilipotolewa watu mwaka 1792, makasha mengi yalitawanyika, na leo huonekana katika majumba ya makumbusho na katika maduka ya wauza vitu vya kale.

Katika Uingereza ya Waprotestanti masalio hayakuwa na mahali, na sanaa ile ikahama kutoka madhabahuni ikaingia sebuleni, ikakutana na chai. Chai kwa miaka mingi ilikuwa kitu cha kufungiwa kwa kufuli, kwani ushuru wake ulifikia asilimia 119 kabla ya sheria ya mwaka 1784 kuushusha hadi asilimia 12 na nusu, na ufunguo wa kibweta cha majani ya chai ulikaa kwa mama wa nyumba, si kwa watumishi. Ushuru uliposhuka wanywaji waliongezeka, na vibweta kadhalika. Maseremala wakagundua biashara njema: waliuza vibweta vya pande sita au nane, vilivyokamilika kwa mbao na bawaba na kufuli, ila ubavu wao umechimbwa kidogo ukaachwa mtupu, ili mwanamke anunuaye aujaze mwenyewe kwa karatasi. Katika Jumba la Victoria na Albert mjini London vimewekwa vibweta vya namna hiyo, na atazamaye kwa karibu ataona duara ndogo zisizohesabika zikiwa zimebanana, na humo ndani picha iliyochapwa, au vipande vya ulanga vinavyong'aa, au herufi za kwanza za jina la mtu na mwaka wake.

Mwaka 1786 gazeti la wanawake lililoitwa New Lady's Magazine lilitoa vielelezo vya nakshi hizo, ili msomaji avifuate katika vibweta, fremu za picha, makabati na viwambo vya moto. Tangu hapo mwanamke wa mkoani aliyekuwa na mkasi, gundi na subira aliweza kufanya alichofanya binti mfalme, na sidhani kuna sanaa nyingi za zama zile ambazo ngazi yake kati ya jumba la mfalme na nyumba ya kasisi wa kijiji ilikuwa fupi hivyo. Wakati uo huo, ng'ambo ya bahari, shule za wasichana wa matajiri wa Boston zilikwisha kuifundisha pamoja na ushonaji na uchoraji, na wanafunzi wakafanya vishikio vya mishumaa vya ukutani, vyenye maua ya karatasi yaliyotiwa dhahabu, ili mwanga wa mshumaa ucheze juu yake.

Lakini hidaya si kila mara hutoka katika moyo mweupe, na aliyeliona hilo vizuri kuliko wote ni Jane Austen. Katika riwaya yake Sense and Sensibility, iliyochapishwa mwaka 1811, Lucy Steele anamtengenezea kikapu cha nakshi ya karatasi mtoto mdogo, Annamaria, aliyedekezwa kupita kiasi, na kikapu kile si cha mtoto hata kidogo: ni cha kumfurahisha mama yake, Lady Middleton, mwenye nyumba na mwenye chakula. Elinor Dashwood, anayetaka faragha ya kusema na Lucy juu ya jambo zito la uchumba, anajitolea kumviringia karatasi, na wanawake wawili wenye wivu wa siri wanakaa meza moja, vidole vikifanya kazi ya upendo na ndimi zikipimana nguvu. Mwandishi huyo hakueleza namna kikapu kinavyofanywa, kwa sababu wasomaji wake walikijua. Na kimya chake hicho kwangu ni ushahidi mkubwa wa jinsi sanaa ile ilivyokuwa imeenea.

Katika karne ya 19 ilififia. Mashine ya karatasi, ambayo Mfaransa Nicolas-Louis Robert aliipatia hataza mwaka 1799, iliishusha karatasi thamani, na wanawake wa Ulaya wakahamia katika udarizi wa sufi za rangi kutoka Berlin.

Sasa yapasa niseme neno ambalo vitabu vya Ulaya juu ya sanaa hii kwa kawaida havilisemi. Wakati vibweta vya London vinaingia vumbi, katika pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Unguja, karatasi ilikuwa ikiviringwa na kuvaliwa. Mtoto wa kike alitobolewa masikio, na ndewe zake zikapanuliwa kidogo kidogo kwa uchane wa kuti ulioviringwa, ambao kwa tabia yake hutaka kufunguka na hivyo huisukuma nyama taratibu. Hata ndewe zilipofikia kiasi, zikatiwa majasi. Mwenye uwezo alivaa ya fedha au ya dhahabu. Wengineo, na hata wenye uwezo katika siku zisizo za sherehe, walivaa majasi ya karatasi: uchane mrefu wa rangi moja ukaviringwa kwa kukazwa, ukaungwa wa rangi nyingine, kisha wa tatu, mpaka ikapatikana sahani ndogo yenye duara ndani ya duara, nyekundu, zambarau, kijani na karatasi ya kumetameta. Picha zilizopigwa Unguja na wapiga picha kama A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, zilizouzwa kwa wasafiri kwa njia ya kadi za posta, zinawaonyesha wanawake walioketi kwa utulivu na sahani hizo masikioni. Aliyezinunua kadi hizo aliona umbo geni la mwili. Aghalabu hakuona kuwa mbele yake kuna kazi ileile ya binti wa mfalme wake, iliyokazwa zaidi, na iliyopimwa kwa sikio la mtu mmoja tu, kwa maana ndewe ya huyu si ndewe ya yule. Sidai kwamba huyu alijifunza kwa yule. Nadai tu kwamba tarehe ya karatasi iliyoviringwa isiyowataja wanawake wa Lamu na Unguja ni tarehe pungufu, na wa kuikamilisha ni sisi.

Jambo la aina hiyo lilitokea tena karibu nasi. Wanawake wa Kiacholi waliokimbia vita vya kaskazini mwa Uganda, wakafanya makazi Kireka, pembezoni mwa Kampala, walikata karatasi za magazeti na matangazo ya zamani chane ndefu zilizochongoka kama pembe, wakaziviringa juu ya waya mwembamba kuanzia upande mpana, wakazipaka vanishi, zikawa shanga. Mwanzoni mwa karne hii shanga hizo ziliuzwa mpaka Marekani, na zilisomesha watoto. Hapa karatasi iliviringwa kwa ajili ya soko, nami siwalaumu: mwenye njaa haulizwi kwa nini hakutoa zawadi.

Huko Uingereza chama cha wapenzi wa sanaa hii kiliundwa mwaka 1983, na kikaihifadhi kwa bidii ya wazee. Lakini aliyeipa ujana ni Yulia Brodskaya, mzaliwa wa Moscow aliyehamia Uingereza mwaka 2004. Alikuwa msanifu wa michoro, naye alipotafuta namna ya kuliandika jina lake mwenyewe ili livutie macho ya wateja, alizisimamisha chane za karatasi kwa ukingo na kulichora jina kwa hizo. Baada ya jina zikaja sura za wazee, ndege na maua, na magazeti na makampuni makubwa yakamtafuta.

Hidaya za leo za karatasi zafuata njia ileile ya jina. Mtu huagiza jina la mtoto aliyezaliwa, au la bibi na bwana harusi pamoja na tarehe yao, akataja rangi azipendazo mpewa. Fundi huchora herufi kwa risasi juu ya karatasi nzito, huzijengea ukuta wa chane zilizosimama, kisha hujaza ndani kwa duara, majani na matone, akianza na makubwa na kuziba mianya kwa madogo. Gundi iwe kidogo mno, kwa ncha ya sindano, kwani tone lililozidi hung'aa likauka na kazi nzima ikaonekana chafu. Fremu lazima iwe ya kina, kioo kisiguse karatasi, na katika hali ya hewa ya pwani, yenye joto na unyevu, nyuma yake ifungwe vizuri, la sivyo karatasi hulegea na wadudu wakaijia gundi, hasa ile ya wanga. Jua nalo hula rangi, nyekundu kabla ya nyingine. Anayeuza kazi hii akiitia bei ya karatasi atakufa maskini, na anayeinunua akitarajia bei ya karatasi hajui anachonunua. Kwa hiyo fundi mwenye busara humwambia mteja mapema ni saa ngapi zitatumika, na mteja mwenye adabu haulizi mara mbili.

Linalonihuzunisha ni kwamba majasi ya karatasi yaliyosalia katika nyumba za pwani yaelekea ni machache, na mengi katika hayo yamelala chini ya makasha bila mtu kujua ni ya nani. Nawasihi wenye nyumba hizo, kila atakayeyakuta asiyatupe kwa kuyaona ni karatasi kuukuu: ayaweke mahali pakavu pasipoingia jua, na pembeni yake aandike jina la aliyeyavaa, la aliyemfanyia, na la mtaa waliokuwa wakiishi, maadamu wangali hai wazee wanaoyakumbuka.