Ndiva na Bakuli: Maisha ya Kiasi Upareni na katika Ubudha

Utani wa Watanzania juu ya Wapare una nguzo mbili: kesi na mkono wa birika. Mpare, husemwa, atauza ng'ombe ili agharimie kesi ya kuku, na mgeni wake atakula makande leo, kesho na keshokutwa. Watani wana haki yao. Lakini nyuma ya mzaha huo lipo jambo linalostahili kupewa uzito. Watu walioishi karne kwa karne kwenye miteremko mikali, huku tambarare ya Same chini yao ikikosa mvua ambayo milima imeikinga, walilazimika kujua kilichopo, kinachohitajika na kinachobaki. Leo ujuzi wa namna hiyo unauzwa mijini. Kuna vitabu na mafunzo ya kuishi kwa kukusudia, mengi yakichota katika Ubudha, yanayomwambia mtu apunguze nguo kabatini, azime simu saa za jioni, ale polepole, na asinunue asichokihitaji.

Ushauri huo ni mwema, na wengi wetu tunauhitaji. Kinachonisumbua ni kwamba unakabidhiwa mtu mmoja, aende akautekeleze peke yake chumbani kwake. Nikiyaweka mafundisho ya Wabudha kando ya desturi za Upareni, naona pande zote mbili zikisema jambo jingine: mtu humudu kuishi na vichache pale ambapo kuna kikubwa kinachotunzwa na wengi.

Tuanze na mtawa. Katika tawi la Ubudha la Sri Lanka, Burma na Thailand, mali ya mtawa kwa desturi ni vitu vinane: mavazi matatu, bakuli, mkanda, wembe, sindano na chujio la maji. Watawa hawa si wageni kabisa kwetu. Upanga, Dar es Salaam, kuna hekalu lililoanzishwa na Wasinhala mwanzoni mwa karne ya 20, na uani pake umesimama mti wa bodhi. Uganda, karibu na Entebbe, Bhante Buddharakkhita, Mganda mzaliwa wa Kampala, alianzisha kituo cha Kibudha mwaka 2005. Anayesoma orodha ya vitu vinane huvutiwa na uchache wake. Mimi huvutiwa zaidi na bakuli. Mtawa hapiki, haweki akiba ya chakula, na saa sita mchana ikishapita hali tena mpaka kesho. Maana yake kila asubuhi uhai wake umo mikononi mwa akina mama wa kijiji wanaopakua wali. Masimulizi ya kale yanaeleza jinsi watawa wa mji wa Kosambi walivyogombana wao kwa wao mpaka Buddha mwenyewe akawaacha akaenda zake msituni. Kilichowapatanisha ni wenyeji: waliacha kuwapa chakula. Hivyo wepesi wa maisha ya mtawa umebebwa na watu wenye vyungu, mashamba na watoto, na watu hao wana kauli.

Kuna kisa kingine kinachoweza kueleweka upesi katika nyumba yoyote ya Suji au Usangi, huko Upareni. Mfalme Udena aliposikia kwamba wake zake wamempa mtawa Ananda mavazi 500, alikasirika, akaenda kumwuliza atayafanyia nini yote hayo, au anataka kufungua duka. Ananda akajibu kwamba atawagawia watawa wenye mavazi yaliyochakaa. Na yaliyochakaa? Yatakuwa mashuka. Na mashuka ya zamani? Yatafunika magodoro. Kisha yatakuwa matandiko ya chini, kisha ya kufutia miguu, kisha vitambaa vya kufutia vumbi. Na hivyo vikichanika kabisa, vitapondwapondwa na kuchanganywa na udongo wa kukandika sakafu. Mfalme akaridhika, akaongeza mavazi mengine 500. Mwanamke wa milimani hahitaji kufundishwa mfuatano huo. Khanga mpya ni ya kanisani, msikitini au msibani; ikipauka ni ya shamba na ya kubebea mtoto; ikilegea ni ya kushikia sufuria; mwisho ni dekio. Kwake na kwa Ananda kitu hakitupwi kwa sababu kimeacha kupendeza, na hapa wote wawili wanatofautiana na washauri wa siku hizi wanaotaka tupange vitu vyetu katika lundo la kubaki na lundo la kutupa. Hilo lundo la pili lazima liende mahali. Sisi tunaofungua marobota ya mitumba tunapajua.

Hata hivyo fundisho kubwa la Upareni haliko kwenye khanga. Liko kwenye ndiva.

Ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe linalochimbwa mlimani, chini ya mfereji unaotoa maji kijitoni. Vijito vya Upare ni vyembamba. Ukiyaachia maji yatiririke moja kwa moja kuelekea shamba la mbali, ardhi inayanywa njiani. Kwa hiyo hufungiwa usiku kucha ndani ya ndiva, na asubuhi tundu la chini linapozibuliwa, maji hutoka kwa nguvu ya kufika hata kwenye shamba la mwisho. Nyingi zilianzishwa na koo, na ukoo uliochimba ulikuwa na kauli ya kwanza. Nyingine bado zinafanya kazi, kama ile ya Manoo pale Bangalala, katika bonde la Makanya. Maji hugawanywa kwa zamu. Matope yakijaa, watu huitwa msaragambo, kila nyumba itoe mtu na jembe, na asiyefika hutozwa faini au hupoteza zamu yake. Katika mpango huu hakuna mtu mmoja anayehitaji kuwa na maji mengi. Anachohitaji ni zamu isiyoibwa. Anayejua kwamba keshokutwa maji yatafika kwake hana sababu ya kuficha, kulimbikiza wala kuamka usiku kuchepusha mfereji wa jirani.

Buddha aliyafahamu mambo haya kwa karibu kuliko wengi wanavyodhani. Alizaliwa miongoni mwa wakulima wa mpunga. Nchi ya Wasakya, watu wa baba yake, ilitenganishwa na nchi ya Wakoliya, watu wa mama yake, na Mto Rohini, na bwawa moja lilimwagilia pande zote mbili. Masimulizi yanasema mwaka mmoja wa ukame maji hayakutosha. Kila upande ulidai kwamba mazao yake yakinywa mara moja tu yatakomaa, hivyo maji yote yaje kwao. Wakulima wakatukanana, matusi yakapanda hadi kwenye nasaba, wapiganaji wakatoka na silaha. Buddha akasimama kati yao akawauliza kipi kina thamani kubwa, maji au damu ya watu wao. Mzee yeyote wa Upareni aliyewahi kusuluhisha kijiji cha juu na kijiji cha chini angelitambua shauri hilo tangu neno la kwanza. Na pengine hapa ndipo pa kutafuta chanzo cha sifa yetu ya kupenda kesi: penye maji machache, mpaka usioongelewa leo ni ugomvi wa mwakani.

Mkoliya mmoja, jina lake Dighajanu, alimwendea Buddha akasema waziwazi: sisi ni watu wa nyumbani, tunalala na watoto wetu, tunajipaka manukato, tunashika fedha na dhahabu, tufundishe linalotufaa sisi. Jibu alilopewa halikumwambia auze vyote. Aliambiwa afanye kazi kwa bidii, alinde anachopata, achague marafiki wema, na matumizi yake yalingane na mapato. Mali yake akafananishiwa na bwawa lenye milango minne ya kuingizia maji na minne ya kutolea. Milango ya kutolea ni uasherati, ulevi, kamari na marafiki wabaya. Ikifunguliwa hiyo na kufungwa ile ya kuingizia, na mvua isinyeshe, bwawa hukauka. Katika mazungumzo hayohayo Buddha alimkosoa pia mwenye kipato kikubwa anayeishi kwa dhiki, kwamba watu watasema atakufa kama mwenye njaa. Mkono wa birika haukupona.

Ningependa mafundisho ya kuishi kwa kukusudia yangekuwa yanaanzia kwa Dighajanu, maana yeye ndiye jirani yetu. Milango yake ya kutolea maji tunayo. Kamari ipo kwenye vibanda vya kubeti na kwenye simu ya kijana anayepiga mkeka kila jioni. Na umeongezeka mlango ambao yeye hakuujua: mkopo wa kausha damu, unaochukuliwa asubuhi kwa dakika chache na kurudishwa kwa mateso ya miezi. Wengi wanaoukopa wanakopea jambo la heshima, mchango wa harusi au sare ya kitchen party, si anasa. Umwambie nini mtu huyo kuhusu kabati lake la nguo? Kamati ya harusi ndiyo inayopaswa kukaa na kuamua kiwango ambacho hakuna mwanakamati atakayekikopea. Uamuzi huo ukifanywa na wengi, hakuna anayeonekana bahili. Akiufanya mmoja, atasemwa mpaka uzeeni.

Siku ya mapumziko ni mfano wa jinsi wengi wanavyomrahisishia mmoja. Waadventista walifika Upare Kusini mwaka 1903, na Sabato imekuwa sehemu ya sauti ya milima ile. Ijumaa ni maandalio: kuni zinaletwa, nguo zinapigwa pasi, chakula kinapikwa, na kabla jua halijatua kazi imewekwa chini. Sri Lanka kila mwezi mpevu ni sikukuu ya taifa, siku ya Poya, na waumini wa huko huvaa nyeupe, huenda hekaluni, hushika kanuni nane, na baada ya adhuhuri hawali. Imani zenyewe ziko mbali sana. Mwadventista anamkumbuka Muumba, ilhali Mbudha wa Poya hamwabudu muumba yeyote, anaichunguza tamaa yake. Lakini wote wawili wamepewa siku ambayo jirani hatawadai wala kuwaita sokoni. Anayejaribu kuifunga simu yake Jumamosi huku ofisi nzima ikiendelea kumtumia ujumbe anajua ugumu wa kupumzika peke yake.

Misitu nayo ilitunzwa hivyohivyo. Upare Kaskazini koo zilikuwa na mipungi, misitu ya mizimu ambamo mtu hakati mti wala haingii ovyo, na chemchemi nyingi zimejificha chini ya miti ya namna hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watawa wa Thailand, wakiona misitu yao inamalizwa na wakata magogo, walianza kuivisha miti mikubwa kitambaa cha rangi ya mavazi yao, ili mwenye shoka asite. Upareni hofu ilikuwa ya wahenga, Thailand ni heshima ya mafundisho. Shoka lilisita kote kuwili.

Sasa lazima niseme linaloniuma. Ni rahisi mno kwa mtu aliyeshiba kuyatazama maisha ya milimani, jiko la mafiga matatu, sufuria mbili, njia ya mguu, akayaita maisha rahisi. Mama anayeshuka na kupanda korongo na ndoo kichwani hakuchagua chochote. Tofauti kati yake na mtawa ni kwamba mtawa aliacha, yeye alinyimwa. Buddha mwenyewe alijaribu kujinyima mpaka mbavu zikahesabika, kisha akapokea wali wa maziwa kutoka kwa mwanamke aitwaye Sujata, akaitangaza njia ya kati. Aliona kwamba njaa haimfungui mtu. Wala kiasi si unyonge. Mwaka 1945 Wapare walishuka kwa maelfu wakakaa Same kuipinga mbiru, kodi ambayo ilimpimia kila mtu mali yake na kumtoza kwa makadirio ya watu wa serikali na machifu, na mwishowe serikali ya kikoloni ililazimika kuiacha. Profesa Isaria Kimambo ameyaandika hayo kwa kina. Watu wale walijua vizuri walicho nacho, na ndiyo maana walikataa kuhesabiwa na mwingine.

Kwa hiyo nafurahia bomba. Mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe, unaochota katika bwawa la Nyumba ya Mungu, ulisubiriwa miaka mingi, na kila ndoo unayoishusha kichwani mwa mtu ni haki iliyochelewa. Ila bomba lina mita, na mita humtambua mteja mmoja mmoja. Haiiti msaragambo. Yeyote atakayefungua koki nyumbani kwake hatalazimika tena kumjua anayekaa mwisho wa mfereji. Mashamba ya Bangalala bado yatategemea ndiva, na matope bado yatajaa. Natamani kamati za maji za mitaa ya Same ziwaite wateja wao angalau mara moja kwa mwaka, na majembe, wapande kwenye vyanzo vya juu wakazibue mifereji na kupanda miti pamoja na watu wa vijiji vile, na asiyefika atozwe faini kama zamani.